Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Mwalimu wa ngoma hucheza huku kodiani ikiwa kifuani, akiburuta mguu wa kushoto kama mtu aliyevunjika zamani. Nyuma yake mwanafunzi wake Zoryana humwigiza, wenzake wakivunjika mbavu. Mwalimu hageuki, hupangusa tu vitufe vya kodiani kwa mkono wa shati lake la tarizi. Jumapili moja, darasa likicheza uani mwa makumbusho ya jiji la Lviv, vikongwe wa kijijini kwa mwalimu waliingia duarani, na wote wakaburuta mguu wa kushoto. Kumbe ndivyo kwao wanavyocheza! Zoryana alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi mmoja akamvuta duarani, na mguu wa kushoto wa Zoryana ukajiburuta wenyewe.

"Ala! Mjukuu wangu, nani kakufundisha vizuri hivi?"

"Mimi," mwalimu akadakia bila kugeuka. "Siku zote huwa nyuma yangu."