Fimbo Iliyonuka Chai

Fimbo ya Manka niliipinda mimi. Nalisema mapema, mwanangu, kabla sijapata wasaa wa kulipamba, kwa sababu nimelikana kwa miaka mingi. Nilimkania mkuu wa shule, nikamkania matroni, nikamkania mama yangu mzazi, na mara moja nililikana hata kwenye sala, ambako hakuna aliyeniuliza.

Wasichana wa shule niliyosoma wameniomba niwaandikie nasaha za mzee. Nilipopata ujumbe wao niligeuka nyuma kuona mzee huyo ni nani. Lakini nina digrii mbili, miwani ya kusomea, na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, basi nadhani ninafaa.

Nakumbuka vizuri tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa bweni letu kule Machame, miaka ya tisini, wakati mitumba imejaa soko la Memorial na kila msichana ana sketi inayohitaji kupunguzwa kiuno. Liliandikwa: "Leo saa kumi, bandi, ukumbi wa chakula." Kupiga bandi tulikujua. Ni ule mshono wa kwanza, mlegevu, wa kushikiza nguo kabla ya kuishona kweli. Tukaenda wasichana arobaini na sindano, uzi na sketi zetu. Tukakuta meza zimesukumwa ukutani, na walimu wetu wawili wa kujitolea wamesimama katikati na fimbo za plastiki mikononi.

Mmoja, Mwalimu Ingrid, alitoka Uswidi. Mwenzake, Mwalimu Paivi, alitoka nchi jirani ya Ufini. Marafiki wa usharika walikuwa wamewatumia fimbo ishirini na mipira myeupe, mitupu ndani, yenye matundu kama chujio. Mchezo ni kama wa magongo, ila unachezwa ndani ya ukumbi, na kipa hana fimbo. Hupiga magoti golini, jambo lililompendeza sana mchungaji. Walituambia kwamba kwao watoto huucheza tangu wadogo, na majira ya baridi kumbi za shule hazipumziki. Mwalimu Ingrid aliuita innebandi.

"Salibandi," Mwalimu Paivi akamsahihisha.

"Innebandi."

"Salibandi."

Sisi tukachukua kile walichokubaliana, bandi, tukaficha sindano zetu.

Ukiwasikia wale wawili ungedhani wamerithishwa uadui. Mwalimu Ingrid alisema Wafini wakifunga goli hawashangilii, wanaogopa kuamshana. Mwalimu Paivi alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole, "Waswidi wakishinda, mpaka ng'ombe wao wanaambiwa." Matokeo ya mechi za nchi zao yaliwafikia kwa simu ya ofisi ya usharika, na aliyeshindwa alikuwa na adhabu yake. Alioka mikate midogo ya iliki, akaipanga kwenye sinia, akaivusha ua hadi kwa mwenzake na kumwita bingwa. Mara nyingi mwokaji alikuwa Mwalimu Paivi. Alioka huku akimlaumu mwamuzi, kisha wakakaa barazani wakala pamoja, wakicheka hadi kufuta machozi. Mimi nilinakili kejeli zao kwenye daftari nikazikariri. Ile mikate sikuitilia maanani, zaidi ya kuila ilipobaki.

Tuligawanywa timu mbili, zikapewa majina ya nchi zao. Ufini ilikuwa yangu. Uswidi ilipewa Manka, msichana Mkatoliki kutoka Kibosho, ng'ambo ya mto, ambaye baba yake alimleta shule ya Walutheri kwa sababu, alisema, hesabu hazina dhehebu.

"Nyie Wamachame mkigawana ndizi moja lazima mwite karani," Manka alinitania.

"Na nyie Wakibosho mnaanza na ugomvi," nikamjibu, "sababu mnaitafuta kesho yake."

Watu walicheka. Yeye alicheka kutoka tumboni. Mimi nilichekea mdomoni tu.

Sasa niueleze wivu wenyewe. Manka alikuwa mashoto. Bibi yake alimchapa mkono ule utotoni ili ale kwa mkono wa kulia kama watu, na akafaulu, lakini Manka akishika fimbo mkono wa kushoto ulirudi kudai nafasi yake. Na katika fimbo zile ishirini, kumi na tisa zilikuwa na ulimi, kile kibapa cha chini cha kupigia mpira, uliopinda upande mmoja, na moja tu ilipinda upande wa pili. Ilimkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Mimi nilifunga uzi mwekundu kwenye fimbo yangu ili nayo ionekane ina mwenyewe. Hakuna aliyeutazama uzi.

Nilimwonea wivu kwa namna Mwalimu Ingrid alivyotamka jina lake bila kulivunja, wakati mimi, Ndeshi, niliitwa Indeshi mpaka anaondoka. Manka alipougua malaria niliyaonea wivu maziwa aliyopewa. Mama yake alipomletea kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage zikapondwa, Manka alinigawia nusu kubwa. Nami nikaionea wivu ile nusu ndogo, kwa kuwa aliyebaki nayo ndiye aliyepata sifa ya kugawa.

Kisha ikaja habari ya safari. Likizo ndefu walimu wetu wangepeleka msichana mmoja kwenye mashindano ya vijana wa nchi zao mbili. Mmoja tu. Angechaguliwa baada ya mechi ya Jumamosi, na kila mtu alijua ni nani. Kila mtu isipokuwa mama yangu, ambaye alishawatangazia akina mama wa usharika kwamba binti yake anakwenda Ulaya. Wakaanza kunifumia sweta. Nililijaribu likiwa bado na mkono mmoja. Niambie, mwanangu, ningelivaa wapi sweta lile, shambani kwa baba kwenye migomba?

Mwalimu Paivi alikuwa ametufundisha kwamba ulimi wa fimbo hulainika kwenye maji ya moto. Ukiupinda kisha ukauchovya kwenye maji baridi, unabaki ulivyoupinda. Alitufundisha ili tuzitunze. Ijumaa alasiri, wenzangu wakiwa kwaya, niliichukua fimbo ya Manka nikaingia nayo jiko la shule. Mpishi alikuwa ametoka. Maji ya moto hayakuwepo. Kilichokuwa kikichemka ni sufuria la chai ya maziwa ya shule nzima. Nikauzamisha ulimi humo. Nilihesabu hadi mia mbili, nikaupinda upande wa zile kumi na tisa, nikauchovya kwenye ndoo na kuirudisha fimbo mahali pake.

Jioni shule nzima ilikunywa ile chai. Mimi nilikunywa vikombe viwili, nisije nikashukiwa.

Asubuhi fimbo yangu yenye uzi mwekundu haikuwepo stoo. Niliikuta imelala kwenye rundo la kuni nyuma ya jiko, ina umande. Nikadhani katika haraka yangu nilibeba zote mbili nikaisahau mojawapo. Nikaifuta kwa sketi.

Ukumbini Manka aliinua fimbo yake, akaiweka sakafuni, akaiinua tena. Ulimi uliokuwa mweupe ulikuwa na rangi ya kahawia. Mkuu wa shule, ambaye alikuja kutazama mechi, akauliza nani amefanya jambo hili.

"Labda ni jua, mwalimu," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi.

Matroni akaunusa ule ulimi. "Jua hili lina maziwa na majani ya chai," akasema.

Ndipo Manka, akiwa ameinamisha macho, akasema, "Ni jua, mwalimu. Niliiacha dirishani."

Alicheza. Alijaribu kushoto, mpira ukamteleza. Akajaribu kulia, akawa kama mtu anayefagia. Ufini tukashinda, mimi nikafunga mawili, na jina langu likasomwa. Manka alinipa mkono. Ulikuwa wa kushoto.

Nilikwenda, na sweta. Katika ukumbi mkubwa kando ya bahari yenye baridi niliwaona wasichana wa Uswidi na Ufini wakiimbiana nyimbo za kuchomana mpaka wakapauka midomo. Fainali walishinda Wafini. Nahodha wa Uswidi, macho bado mekundu, akabeba sinia la mikate ya iliki akampelekea kila Mfini mkate wake, akimtajia goli alilolifunga. Wakaketi wakala. Hapo nilielewa nilichokinakili kwenye daftari langu na nilichokiacha. Mkate walionipa niliutia mfukoni. Nilikuwa nimevuka mabara, na bado naona wivu, safari hii kwa watu waliojua kuoneana wivu kwa usafi.

Miaka ikapita. Mimi nikaenda chuo kikuu, Manka akawa mkunga Sanya Juu. Tukikutana tulisalimiana kwa uchangamfu mwingi kupita kiasi. Hakulitaja. Kutolitaja kwake kulinichosha kuliko ambavyo lawama ingenichosha.

Kwetu ukimkosea mtu unakwenda kwake na jani la isale lenye fundo, na aliyekosewa hawezi kukataa kukusamehe. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo sikuogopa kukataliwa. Niliogopa swali litakalotangulia: kosa gani? Hatimaye, Krismasi moja, simu za mkononi zikiwa ndiyo kwanza zinaingia migombani, nilichuma jani, nikalipiga fundo, nikaenda Kibosho. Mama Manka alikuwa getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Ndeshi. Ingia ndani. Mwenzio yuko zamu, anakuja kesho."

"Nilikuwa napita tu, mama."

Njia ile inaishia kwao, haipiti kwenda popote. Mama aliingia kunitafutia ndizi za kubeba, nami kwa aibu nikalichomeka jani langu kwenye uzio. Uzio wenyewe, kama nyua nyingi za kwetu, ni wa isale. Msichana mwenye digrii alichomeka jani la isale katika uzio wa isale, akahesabu ameomba msamaha, akateremka na ndizi kichwani.

Nasaha yenyewe niitoe hapa, mwanangu, kabla ya simu iliyofuata, kwa maana baada ya simu hiyo sikubaki na heshima ya kumshauri mtu. Wivu utakuja. Usijidai huna, wala usiupeleke jikoni peke yako. Mwambie unayemwonea, kwa mdomo, hata kwa utani: mwenzangu, hiki ulicho nacho kinanikosesha raha. Kisha shindana naye kwa nguvu zako zote, lakini kwa namna itakayokuruhusu kuketi naye jioni mkala. Ukishindwa, beba sinia. Ukishinda, lipokee bila kuringa sana. Na ukikosea, litaje kosa kwa jina lake, usiuachie uzio kazi hiyo. Mungu akupe jirani wa kukukimbiza. Akupe siku za kumfunga na siku za kufungwa naye, na kati ya nyumba yako na yake njia isiote majani.

Simu ililia siku ya tatu baada ya Krismasi, alasiri, nikipukuchua maharage uani kwa mama.

"Ndeshi," Manka akasema, "mama ameona jani moja kwenye uzio lina fundo. Uzio haujipigi mafundo."

"Labda ni upepo," nikasema.

"Kama lile jua?"

Maharage yalinitoka mkononi. "Manka, ile fimbo niliipinda mimi. Niliichemsha kwenye chai."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Nyuma ya kuni. Nilikuwa nimekuja na yako."

"Yangu ipi?"

"Fimbo yako, ya uzi mwekundu. Nilikuwa nimeificha ndani ya kanga, naileta kwenye sufuria hilohilo. Nikakukuta umeshanitangulia, unahesabu kwa sauti. Nikaitupa kwenye kuni nikakimbilia kwaya. Sasa pale ukumbini ningesema nini? Wangeniuliza mimi jikoni nilifuata nini."

Nilikaa chini juu ya gunia. Miaka yote ile nilimdhania wema mkubwa, nikauonea wivu hata huo wema.

"Lakini wewe ulikuwa unanishinda kila siku," nikasema. "Ulinionea wivu kwa lipi?"

"Lile sweta. Wewe walikufumia kabla hujachaguliwa. Mimi na magoli yangu yote hakuna aliyenifumia hata soksi."

Kuku walikuwa wakiyala maharage yangu nami nikawaacha.

"Mikate ya iliki," nikasema mwishowe, "tuoke lini?"

"Anaoka aliyeshindwa. Nani alishindwa?"

Tulitafakari, kila mtu upande wake wa mto.

"Njoo Jumapili," Manka akasema. "Lete iliki, unga ninao. Ila chai, Ndeshi, nitapika mwenyewe."