Mbayuwayu wa Lubunga

Juzi nilivuka mto kwa pirogi kwenda Lubunga, na kabla hatujagusa ukingo nikawasikia: mbayuwayu, kundi juu ya kundi, wakishuka kulala kwenye matete ya kinamasi. Nilicheka kwa sauti mpaka mpiga kasia akauliza, "Mama, iko nini?" Nawe ungecheka, rafiki yangu, kama ungejua tulikotoka.

Maana zamani tuliwala. Bibi yangu, tuliyemwita koko, alikuwa fundi wa ulimbo. Alichemsha utomvu na mawese mpaka ukanata, nasi watoto tukaupaka kwenye vijiti na kuvichomeka katikati ya matete. Ndege waliokaushwa motoni kwa pilipili, pamoja na lituma ya moto, ndizi zilizotwangwa! Walikuwa watamu, sikufichi.

Kisha vijiti vikaanza kurudi vitupu, msimu baada ya msimu. Ndipo mwalimu wetu akamleta uani kwetu mama mmoja wa Ulaya, ambako mbayuwayu hawa huanguliwa. Mgeni akaeleza, mwalimu akitafsiri, kwamba hata kwao wanapungua: hujenga viota ndani ya mazizi ya ng'ombe, na wakulima siku hizi hufunga milango. Akatuomba tuache kuwatega.

Koko alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. Akauweka mchi chini.

"Bon. Sisi tutaacha ulimbo. Na ninyi, mutaacha nini? Na hawa batoto watakula nini?"

Mwalimu alisita kutafsiri. Lakini mgeni alipoelewa, alitikisa kichwa kukubali. Kwao, alisema, atapita zizi kwa zizi kuomba milango iachwe wazi. Na hapa, watu wake watachimba nasi mabwawa ya samaki.

"Donc hii ndege iko na koko wawili," bibi akasema, "mumoja kwenu, mumoja hapa."

Tukachimba, matope hadi magotini, wamama wakiimba. Majirani walimcheka koko kwa kulinda matete matupu. Samaki walinenepa, lakini angani hapakuwa na mbayuwayu. Yeye hakutetereka. Mpaka jioni moja mbingu ikawa nyeusi kwa mbawa, na bibi yangu, mzee wa magoti mabovu, akakimbia hadi ukingo wa kinamasi akipiga vigelegele: "Wamefika! Batoto yetu wamefika!" Mtaa mzima ukamfuata, waliomcheka wakiwa mbele.

Koko amelala kaburini sasa, na ua wake una nyumba ya watu wengine. Watoto wa Lubunga hawaijui harufu ya ulimbo ukichemka. Nilipowaambia tuliwala mbayuwayu, walinitazama kama mchawi. Mengi ya utoto wangu yamepotea, nami nayalilia. Hilo moja, hapana.