Matoazi ya Fundi Sikio

Fundi Sikio alikuwa hakaliki. Akikaa, kiti kinamchoma. Akisimama, hajui aende wapi. Mezani gramafoni ya fundi cherehani wa jirani ilikuwa wazi kama samaki aliyepasuliwa, na tangu juzi matoazi ya wimbo hayasikiki.

Jina la Sikio hakujipa. Ujanani alikuwa akipita mlangoni kwa watu, anasimama, anasema, "Sindano yenu imeisha, mnachuna santuri bure." Watu wanacheka, wanatazama, wanakuta kweli. Sikio hilo ndilo lililosomesha watoto wake, na tusifichane, lilimvimbisha kichwa kidogo.

Sasa sindano ameshabadilisha, akabadilisha tena. Kwenye kioo cha kukuzia ncha ni nzima, laini. Amelehemu upya vile vijiwaya vya kichwa cha sindano, vyembamba kama unywele. Anaweka santuri, anainama: mwimbaji yupo, ngoma ipo, matoazi hakuna. Anang'oa tena.

"Sindano za siku hizi takataka!" akafoka. "Wanatuuzia misumari!"

"Baba watoto, utatoboa sakafu kwa kuzunguka," mkewe alisema kutoka jikoni. "Na simu yako inaita muda wote huo, hupokei. Sikio la kufa halisikii dawa."

Simu? Akaitazama. Kweli, ilikuwa ikiwaka taa. Akaigeuza kifudifudi.

Fundi cherehani akaingia, sentimita ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kaka, mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Bado, dada. Nipe siku mbili."

"Siku mbili tena! Basi niwashie nisikie alipofikia."

Akairudisha sindano, akawasha huku amenuna. Mama wa watu akafumba macho, kidole chake kikaanza kugonga meza. "Mbona kapona! Sikia matoazi hayo, utadhani yamo humu ndani."

Fundi alikitazama kile kidole. Kiligonga, kikagonga, na yeye katika kila pigo hakusikia kitu. Hofu aliyokuwa akiitupia sindano siku zote hizo ikamrudia mwenyewe.

"Wasema kweli, dada, au wanipoza?"

"Nikupoze ya nini? Hulali njaa wewe, wala hutafuti sifa. Kazi yako safi, ndiyo maana wanakuita Sikio."

Jirani alipoondoka na mzigo wake, fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaitoa gramafoni yake mwenyewe, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama watoto, hebu njoo."

Mkewe akaja akijifuta mikono, akabaki mlangoni. Miaka yote ya ndoa, fundi akisikiliza kazi, mtu hakohoi humo ndani.

"Ingia. Kaa hapa." Akamsogezea kile kiti chake. Yeye akavuta kigoda, akakaa chini yake. "Yakilia matoazi, nigonge begani."

"Kwani wewe..." Mkewe akamtazama usoni, akamwekea mkono begani.

Sindano ikashuka. Fundi akakaza macho ukutani, akingoja, akiomba mkono ule usitikisike. Ukaanza kumgonga papo hapo, na haukukoma mpaka santuri ilipokwisha.