Punje Hamsini za Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watatu jikoni mwa zahanati ya misheni, Busia upande wa Uganda. Mkunga Ajambo, ambaye mama yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja. Mzee Wandera mpasua kuni, aliyemwoa shangazi yangu. Na mimi, niliyeachia shule darasa la pili. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mpya.

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha vyombo vya uzazi. Saa ya ukutani sikujua kuisoma, basi Ajambo akanipa punje hamsini za mahindi. Ukisali Baba Yetu moja, unahamisha punje moja kutoka kikombe hiki kwenda kile. Zikiisha, vijidudu vimekufa.

“Lakini usianze kuhesabu ukitumbukiza,” aliniambia. “Chuma kikiingia, maji yananyamaza. Chuma kinakula joto kwanza. Ngoja yaongee tena, ndipo uanze.”

Nikajifunza kukadiria. Mkasi wa kitovu ni mwembamba. Baba Yetu mbili, maji yamerudi. Koleo la kumvutia mtoto, zito kama jembe, lilitaka kumi, na kuni zikiwa mbichi zaidi ya hapo. Mzee Wandera alikuwa akinitania: “Mwanangu, hiyo sufuria itaingia mbinguni kabla ya padri.”

Siku moja ya mvua, kuni zote zimelowa, aliletwa Taaka, jirani yetu, mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekwama. Nilitumbukiza mkasi na koleo pamoja, maji yakanyamaza kabisa. Taaka alikuwa analia kule ndani, Ajambo ananihimiza. Nikaanza kuhesabu palepale, maji yakiwa kimya. Nilipohamisha punje ya hamsini, mapovu ndiyo kwanza yanapanda. Nikavitoa, nikampelekea.

Mtoto alizaliwa mzima, wakamwita Were. Siku ya saba akaacha kunyonya, taya zikakaza. Ni pepopunda, ugonjwa unaoingilia kitovuni. Kesho yake tukamzika.

Ajambo aliniita kando.

“Mdogo wangu, siku ile ulianza kuhesabu lini?”

“Maji yalipoongea, dada.”

Hakuniuliza tena. Alimwendea Nabwire, mama mkwe wa Taaka, akamshutumu kwamba ndiye aliyempaka mtoto majivu kitovuni, kama wazee wengine walivyokuwa wakifanya. Nabwire aliapa hakukigusa. Nani amsikilize? Taaka alimhamisha mumewe wakaenda kukaa Malaba, na yule mama akawa anapika chungu cha mtu mmoja mpaka alipokufa. Mimi nilikuwa napita kwake kila asubuhi nikienda kazini. Nilikuwa nasalimia.

Baadaye nilipelekwa hospitali ya Tororo. Huko kulikuwa na chemshio la umeme linalolia lenyewe, na Sista msimamizi wa wodi alicheka kuona bado nabeba mahindi mfukoni. Huko ndiko nilikostaafu. Ninyi vijana hamkadirii tena. Ni vizuri.

Nimeyataja majina kama ninavyoyakumbuka. Ajambo na Wandera wameshatangulia, basi nikikosea jina au siku, watoto wao wanisahihishe. Lakini atakayesema Nabwire alipaka majivu, huyo nitamsahihisha mimi, kama nilivyopaswa kumsahihisha Ajambo siku ile.