Ulimi wa Mwadhini wa Bodo

Mume wangu Alamin ni mwadhini wa msikiti wetu hapa Bodo, kazi asiyolipwa wala haombi alipwe. Riziki yake ni kusuka madema ya kutegea samaki. Ni mkaidi, nami ninayesema hivyo nimekaa naye miaka ishirini na sita, basi nina haki ya kusema.

Miaka minne iliyopita aling'olewa gego la chini upande wa kushoto na Bwana Kaingu, daktari wa meno aliyekuwa upande wa Ramisi. Siku ya tatu maumivu yakampanda hadi sikioni, kinywa kikanuka, usingizi ukamhama. Nilimlaani Kaingu mbele ya kila aliyekuwa na masikio, harusini na matangani. Alamin akaapa kuwa hatakanyaga tena kwa daktari wa meno. Gego la kulia lilipoanza kumsumbua akawa analituliza kwa karafuu, na mimi, kwa ujinga wangu, ndiye niliyekuwa nikizinunua.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, shavu lilivimba hata akashindwa kufungua kinywa ale tende. Nikamkokota hadi hospitali ya Msambweni. Daktari tuliyemkuta ni binti wa Kiduruma kutoka Kinango, Mkristo, jina lake Mbodze. Alimpa kwanza dawa za kuondoa uvimbe, akampiga picha ya taya, akatuita tena baada ya siku tano. Gego lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa. Lisingeng'oleka hivi hivi, lilitaka kupasuliwa.

"Shikamoo, baba. Kuna dawa yoyote unayotumia?" aliuliza tuliporudi.

"Marahaba. Hakuna," akajibu Alamin.

"Muongo huyo," nikasema. "Anakunywa dawa ya presha kila asubuhi."

Binti akaandika, akanishukuru. Akasema siku ya upasuaji aje ameshiba na dawa yake ameinywa, kwa kuwa atachomwa ganzi tu, hatalazwa usingizi. Kisha akamuuliza kuhusu lile gego la kwanza. Alamin akaeleza, na mimi nikaongeza laana zangu mbili tatu. Mbodze hakumtetea Kaingu wala hakumlaumu. Alisema tu, "Baba, nisimulie siku yako, tangu unapoamka."

"Naamka, natawadha, naenda kuadhini..."

"Unatawadha vipi? Nionyeshe."

Alamin akaona raha kufundisha. Akaosha mikono kwa maji yasiyokuwapo, akapeleka kiganja kinywani, akavimbisha mashavu, akayazungusha maji yale ya uongo kwa nguvu zote, akatema. Mara tatu. Binti akaweka kalamu chini.

"Na siku ile ulipong'olewa, ulifanya hivi?"

"Tangu Adhuhuri, palepale kwenye bomba la hospitali."

"Bwana Kaingu hakukukataza kusukutua?"

"Alinikataza. Ile si kusukutua, binti yangu, ile ni ibada."

Basi ndipo tukaelezwa. Jino likitoka, damu huganda shimoni na kulifunika. Ukiliondoa bonge lile kwa maji, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake ndiyo yale. Niliona aibu iliyonishuka hadi miguuni. Miaka minne nimechafua jina la mtu, na kosa lilikuwa bombani.

Nilimpigia simu Ustadhi Sufyan, mwalimu wetu wa dini, palepale. Alicheka, akasema kusukutua katika udhu ni sunna, si nguzo. Mgonjwa akiiacha, udhu wake umetimia. Alamin alikuwa akiijua hukumu hiyo vizuri, amewafundisha watoto wa madrasa. Ila yeye haachi sunna, hata ikimtoa roho. Siku hiyo alikubali kuiacha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kumbe kubwa lilikuwa bado. Kabla ya kutia sahihi, Mbodze alimwonyesha kwenye picha mahali mishipa ya fahamu inapopita karibu na gego. "Wachache hubaki na ganzi ya mdomo au ulimi. Kwa wengi huisha baada ya wiki au miezi. Mara chache sana haiishi."

Miaka ishirini na miwili Alamin ameadhini kwa ulimi huo, kila herufi ikitoka mahali pake. Akauliza, "Na nisipolitoa?"

"Uvimbe utarudi, na unaweza kushuka kooni."

"Angekuwa baba yako?"

"Ningelitoa, baba. Na ningeogopa kama unavyoogopa wewe."

Akatia sahihi.

Alipasuliwa siku ya Jumanne. Safari hii hakusukutua, hakutema kwa nguvu, alikunywa uji uliopoa kwa kijiko. Kidonda kilipona vizuri ajabu. Lakini ganzi ilipoisha mdomoni, nusu ya ulimi ilibaki imekufa. Swadi yake, ile herufi nzito ya Kiarabu, ikawa shini. Tofiki, mtoto wa shemeji yangu, akaadhini badala yake, na Alamin akawa anakaa safu ya nyuma, haongei na mtu. Hakumlaumu binti hata mara moja, kwa maana alijua tangu mwanzo. Mimi nilimkasirikia Mungu kidogo, kisha nikatubu.

Mbodze alipiga simu kila Ijumaa. Wiki ya nne Alamin akamwambia anahisi kama sisimizi wanatembea ulimini. Nilimsikia binti akicheka kwa furaha. Alisema hao ndio aliokuwa akiwasubiri, mshipa unaamka.

Nilikwenda Ramisi kumtafuta Kaingu nimwombe radhi. Nikaambiwa amestaafu, amerudi kwao. Nilipata namba yake, akanisamehe kabla sijamaliza kusema. Mungu awalipe yeye na Mbodze, siwezi mimi kuwalipa.

Wiki ya saba, Adhuhuri, nilikuwa nakuna nazi. Sauti ikatoka msikitini, na haikuwa ya Tofiki. Swadi ilikuwa swadi. Miaka yote ile nilikuwa nikiisikia adhana ya mume wangu huku nikifukuza kuku au nikigombana na mtu. Siku hiyo niliweka nazi chini, nikamjibu neno kwa neno mpaka mwisho.