Picha Niliyofunikwa Khanga

Nilipokuwa na miaka kama tisa nilikuwa yaya Masumbwe, kwa mama mmoja wa Kizaramo aliyekuja huku na mumewe kuuza vitambaa. Mwanawe wa kwanza ndiyo kwanza anajifunza kusimama dede, na hakukubali mikono ya mtu ila yangu. Siku ya kupigwa picha studio akalia mpaka mpiga picha akachoka. Mama yule akasema, "Mfunike huyo Msukuma asionekane, ampakate." Nikafunikwa khanga gubigubi. Mtoto akanyamaza mapajani mwangu, na kofia yake na viatu vipya. Picha ikatundikwa sebuleni, na wa kuipangusa vumbi nikawa mimi.

Juzi mjukuu kanionyesha kwenye simu picha za Wazungu wa karne ya kumi na tisa. Watoto wamevalishwa kitajiri, nyuma yao yaya kafunikwa shuka kama gunia la pamba. Nikamwambia azime.

Maisha yangu yote nilitaka jambo moja: walionifunika nao wafunikwe, mimi nionekane.

Mwaka jana mama yule akafa. Nikatoka Rwamgasa, ninakoishi sasa, kwenda msibani. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani akiwa msibani anadai analotaka. Nikakaa mlangoni, jeneza lisipite.

"Mtani, unataka nini? Kuku?" wakaniuliza.

"Kuku kuleni wenyewe. Nataka huyu."

Huyu ndiye yule mtoto, sasa mzee mwenye kitambi. Nikasema akae kitini, afunikwe khanga, nimkalie, tupigwe picha. Watu wakacheka.

"Dada, nimevaa suti," akasema.

"Na mimi siku ile nilikuwa na uso."

Wazee wao wakamwambia akae, maiti inangoja. Akakaa. Nikamkalia kwa uzito wangu wote, uso wangu juani. Alipofunuliwa alikuwa amelowa jasho.

"Dada, ifute. Wanangu wasiione."

"Aliyepiga ni binti yako."

Nikaondoka mlangoni, wakaenda kuzika. Picha nimeisafishia Geita, kubwa, iko ukutani. Watoto wangu wanasema sasa yaishe. Yaishe vipi? Aliyenifunika alikuwa ndani ya jeneza, hakuona kitu.