Edina, Mtoto wa Ziwani Aliyeshika Nyengo

Bado naisubiri simu ya pili, ile ya kuniambia kwamba ya kwanza ilikosea. Haijaja. Edina wetu tumemzika jana, kwao Liuli, ziwani.

Ninyi mlimjua kwenye runinga: yule mama ambaye akinyamaza, na ninyi sebuleni mnanyamaza.

Mimi nilimfundisha shuleni, kisha nikamwingiza kwenye kikundi chetu cha maigizo. Wengi mmeniuliza alianzaje. Nivumilieni nieleze.

Alikulia kwenye mchanga wa ziwa, akianika usipa, dagaa wa kwetu, na kuimba kwaya. Wakati wa kuimba alitazama nyuso za waumini, si mwalimu wa kwaya. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, wimbo naujua. Watu ndio siwajui."

Mchezo wetu wa kwanza mkubwa tuliupeleka Mbinga mjini. Edina alicheza mama wa Kimatengo, mbele ya Wamatengo wenyewe!

Aliogopa. "Wakinicheka, Mwalimu, sipandi tena jukwaani. Narudi kwenye usipa wangu." Na nilijua hatanii.

Kwa wasiofika kule: milimani kwao Wamatengo hulima ngoro, mashimo yaliyopangwa mteremko mzima ili mvua isibebe udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Wanawake huyafukia kwa udongo. Hakuna anayeuliza kazi ipi ni ya nani.

Sisi wa ziwani tunalima muhogo kwenye tambarare. Tungejuaje? Edina akaingia na nyengo, ile zana ya kufyekea yenye ncha iliyopinda, akaanza kufyeka. Tena kwa madaha!

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja wa kijiji cha Mkumbi, Mama Osmunda, akasimama mstari wa mbele. "We binti! Nyengo ya nini? Mumeo yuko wapi?"

"Yuko kilabuni!" mwingine akadakia nyuma. Kicheko kikazidi.

Mimi pembeni nimeshika skripti. Kwenye skripti mume yupo, mzima kabisa, anasubiri zamu yake ya kuingia.

Edina akasimama. Akamtazama Mama Osmunda, wala si kwa hasira. "Nimemzika, mama. Na mvua hainisubiri."

Akainama, akaendelea kufyeka. Jamani! Kicheko kikaishia hapo hapo.

Yule mume akaanza kuvaa kofia yake aingie. Nikamshika mkono. "Wewe umeshakufa. Kaa chini."

Mama Osmunda akakaa taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Baadaye ndipo tukajua kwamba naye ni mjane, na kwamba alizoea kufyeka shamba lake alfajiri, majirani wasije wakamwona.

Onyesho lilipokwisha akamfuata Edina nyuma ya jukwaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafyeka vibaya, utajikata mguu. Njoo Mkumbi nikufundishe."

Edina akaenda kweli, akakaa msimu mzima wa kilimo. Alirudi na mikono yenye sugu na kiasi cha Kimatengo cha kuwachekesha wenyeji.

Kuanzia hapo, kila alipopewa nafasi ya kuigiza, kwanza alikwenda kuishi na watu wanaofanya kazi ya mhusika wake. Dairekta mmoja wa filamu, wa Dar es Salaam, akamwambia bajeti ya mambo hayo hakuna. Edina akapanda basi kwa nauli yake. Kwenye lokesheni, mngemkuta anakula na wapishi.

Na yule mjane aliyewaliza kwenye filamu, anayefyeka mlima bila kusema neno? Ule mkono, ule mgongo, ni Mama Osmunda mtupu.

Jana Mama Osmunda, sasa bibi kizee, aliteremka Liuli na wanawake wenzake. Walitukuta wanaume tunafyeka njia ya kwenda kaburini, kama ilivyo desturi.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, lete nyengo."

"Mama, hii kazi ni yetu."

"Ni yenu, najua. Lakini huyu alinifyekea mimi mbele za watu. Lete."

Nikampa. Wenzake nao wakapokea nyengo za wanaume wengine. Wakafyeka hadi ukingoni mwa kaburi, mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Hakuna aliyecheka.

Lala, mwanangu. Njia yako imefyekwa vizuri kuliko ulivyofyeka wewe siku ile Mbinga.